Sura za Mwanga kwa rangi za pop: shajara ya mradi

Jumamosi, 6 Septemba 2025: makubaliano

Kinyozi mmoja wa hapa Mwanga, Kigoma mjini, amechoka na yale mabango ya mitindo ya nywele yaliyojaa kila saluni ya kiume kuanzia hapa hadi Ujiji: vichwa vya watu asiowajua, vimepauka kwa jua, na hakuna mteja aliyewahi kuonyesha kidole na kusema "ninyoe huu". Anataka picha nne za ukutani zenye rangi za kuwaka, "zile za uso mmoja unarudiwa mara nne".

Anazozisema ni za Andy Warhol, msanii wa Marekani, na wenzake, sanaa ya pop. Mwaka 1962 Warhol alianza kuchapa sura za watu maarufu kwa skrini ya hariri: rangi bapa chini, picha nyeusi iliyokolezwa juu yake, kisha tena na tena. Kwenye kompyuta tunaiga mpangilio uleule, rangi chini, nyeusi juu. Mengine yote ni namna ya kuipata hiyo nyeusi.

Kwanza alitaka msanii wa bongofleva, nimtoe mtandaoni. Nikakataa. Picha ina mpiga picha wake, na kuipaka rangi hakuifanyi iwe yangu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999. Na huko Marekani, tarehe 18 Mei 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba taasisi inayosimamia kazi za Warhol haikuwa na kinga ya matumizi halali ilipoliuzia jarida leseni ya sura ya mwanamuziki Prince, sura ambayo Warhol aliitoa kwenye picha ya mpiga picha Lynn Goldsmith ya mwaka 1981. Kama kazi ya Warhol haikuponea hapo, mimi nitaponea wapi?

Tukakubaliana sura za mtaani, zinazojulikana hapa kuliko msanii yeyote: mama muuza dagaa wa Kibirizi, kijana wa bodaboda wa kijiwe cha nje, mzee fundi viatu, na kinyozi mwenyewe. Wote waombwe ruhusa kwanza, na kila mmoja apate nakala yake ya A4. Ukubwa wa ukutani ni A3. Gharama zote juu ya kinyozi, ufundi wangu shilingi 60,000.

Vifaa: simu yenye kamera ya kawaida, kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 4, na GIMP 2.10, programu ya kuhariri picha, ambayo ni ya bure. Toleo la 3.0 lilitoka Machi mwaka huu, lakini mashine hii tayari ina 2.10 na kila ninachohitaji kimo. Majina ya amri nayaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini, ili anayefuata asipotee.

Jumanne, 9 Septemba: Kibirizi bila dagaa

Mwalo wa Kibirizi umelala. Mwezi ulikuwa mpevu Jumapili, na dagaa huvuliwa kwa taa: kukiwa na mbalamwezi hawakusanyiki kwenye taa, kwa hiyo mitumbwi iko ufukweni, wavuvi wanashona nyavu, na mama muuza dagaa yuko kwake. Anayetaka kupiga picha pale asome kalenda ya mwezi kwanza. Giza litarudi kuanzia katikati ya Septemba.

Bodaboda kwenda na kurudi shilingi 4,000. Ili siku isipotee nikampiga picha kijana wa bodaboda na mzee fundi viatu mchana huohuo, pale walipokaa.

Alhamisi, 11 Septemba: Threshold imekula nyuso

Mafunzo mengi ya mtandaoni yanafundisha hivi: ondoa rangi, fungua Threshold (amri inayogeuza kila pikseli kuwa nyeusi au nyeupe), sogeza alama mpaka uso usomeke, basi. Kwa ngozi nyeupe iliyopigwa picha kwenye mwanga wa studio, inakubali. Kwa hawa wawili haikukubali hata kidogo.

Kijana wa bodaboda: alama ikiwa 127, uso wote ni doa jeusi lenye meno. Nikishusha hadi 70, macho yanatokea lakini shavu la kulia linaungana na ukuta na pua inapotea. Hakuna namba ya katikati inayompa uso mzima. Mzee: kofia imemwaga kivuli hadi kidevuni, hakuna cha kuokoa.

Sababu ni mbili na zinabebana. Ya kwanza ni jua. Septemba na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri huku linasimama utosini, maana tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Matundu ya macho yanakuwa mashimo, pua inatupa kivuli mdomoni. Tena kwa kuwa tuko magharibi kabisa mwa nchi, adhuhuri yenyewe haiji saa sita. Inakuja saa saba kasoro kidogo. Ukidhani saa saba na nusu jua limeshainama, limekudanganya.

Ya pili ni kwamba Threshold ina kizingiti kimoja kwa picha nzima. Ngozi nyeusi ina mpangilio wake mzuri wa nuru, kwenye paji la uso, juu ya shavu, kwenye mgongo wa pua, lakini yote hayo yako upande wa giza wa kipimo. Kizingiti cha katikati kinayafuta kwa mkupuo. Ndiyo maana sampuli za mtandaoni zinapendeza na zetu zinatoka kama kivuli cha mtu.

Jumapili, 14 Septemba: kupiga upya

Saa mbili na robo asubuhi, mlangoni mwa saluni. Mhusika anakaa ndani hatua moja kutoka mlangoni, uso umegeuzwa nusu kuelekea nje. Upande wa pili nimesimamisha ubao uliofunikwa kanga nyeupe ili urudishe nuru kidogo kwenye shavu lililo gizani. Kofia chini. Flashi imezimwa. Ukuta wa nyuma uwe wa rangi moja na uwe mbali na kichwa, la sivyo nywele zitaungana nao.

Nimepiga watatu: kijana, mzee na kinyozi. Gharama hakuna, isipokuwa chai ya mzee, ambayo aliikataa akataka kahawa.

Jumatano, 17 Septemba: njia iliyofanya kazi

Hapa ndipo kazi yote ilipo, nitaeleza kwa urefu.

Badala ya kuondoa rangi kwa amri ya kawaida, fungua Colors, kisha Components, kisha Mono Mixer. Mwanzoni rangi tatu zimegawana sawa. Weka nyekundu 1, kijani 0, bluu 0. Ngozi ya mwanadamu, ya aina yoyote, inarudisha nyekundu kuliko rangi nyingine, kwa hiyo kwenye chaneli nyekundu uso unang'aa na miinuko yake yote inaonekana. Kwenye bluu uso uleule ni giza lenye chengachenga. Kijana wa bodaboda alibadilika mbele ya macho yangu: shavu, kovu dogo la nyusi, mstari wa taya, vyote vikarudi.

Ila si kwa kila mtu. Mzee ana ndevu nyeupe, na nyekundu ilipoing'arisha ngozi, ndevu zikayeyuka ndani yake, akabaki kijana. Kwake nimetumia kijani peke yake. Na koti la reflekta la kijana, lenye rangi ya chungwa, likawa jeupe kabisa kwenye nyekundu. Nikafanya nakala mbili, uso kutoka nyekundu na koti kutoka kijani, nikaziunganisha kwa maski, yaani kificho kinachoonyesha sehemu moja na kuficha nyingine.

Pili, nimeachana na Threshold. Kingo zake ni za ngazi, kila pikseli nyeusi au nyeupe, na kwenye karatasi ngazi hizo zinaonekana. Nafasi yake nimeweka Levels, amri ya kurekebisha giza na nuru. Vuta alama ya nyeusi na alama ya nyeupe zikaribiane, mfano 110 na 130. Matokeo ni yaleyale ya kukata giza na nuru, lakini baina yake panabaki vijivu vichache vinavyolainisha kingo. Kabla ya hapo pitisha Gaussian Blur (ukungu mwepesi) ya pikseli 3 ili vinyweleo na chengachenga visigeuke upele.

Tatu, vizingiti viwili badala ya kimoja. Leya (tabaka la picha) ya juu, 55 hadi 75, inabeba giza zito tu: mboni, matundu ya pua, mstari wa midomo, nywele. Leya ya chini yake, 110 hadi 130, inabeba kivuli cha uso. Hii ya pili haiwi nyeusi. Ondoa weupe wake kwa Color to Alpha, funga uwazi wa leya, kisha mwagia rangi nzito kama zambarau au nyekundu ya damu ya mzee. Sasa uso una ngazi tatu: nuru, kivuli cha rangi, na nyeusi. Kwa nyuso zetu hii ngazi ya katikati ndiyo sura yenyewe. Ukiikosa unapata barakoa.

Kuhusu uzito wa faili: A3 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 3508 kwa 4961, na mashine ya GB 4 ikipewa hiyo pamoja na leya zake inaganda. Nafanyia kazi chumba kimoja tu, robo ya ukurasa, nakihifadhi kama XCF, faili ya GIMP inayotunza leya, halafu nazibadili rangi na kupanga vinne mwishoni.

Jumamosi, 20 Septemba: Kibirizi tena

Giza limeingia, mwalo umechangamka, dagaa wametandazwa mpaka pa kukanyaga hakuna. Mama nimempiga picha saa mbili na nusu chini ya paa la kibanda chake, akiwa na kanga nyekundu begani. Bodaboda 4,000, na dagaa wa 5,000, maana huwezi kumsimamisha mtu kazini kisha uondoke mikono mitupu.

Picha niliihamisha kwenye kompyuta kwa kujitumia kwa ujumbe wa simu, ikafika imepunguzwa na kubanwa. Kwa kuangalia tu, haina tatizo. Ukiipitisha kwenye Levels iliyobana, vile visanduku vidogo vya JPEG vinajitokeza shavuni kama vigae. Blur haikuvifuta bila kufuta na macho. Dawa ni waya wa USB, au kuituma kama faili na si kama picha. Picha asili ilikuwa bado simuni, kwa hiyo kazi ikaendelea.

Kanga nyekundu kwenye chaneli nyekundu ilipoteza maua yote. Dawa ni ileile ya koti: uso nyekundu, nguo kijani, maski katikati.

Jumanne, 23 Septemba: rangi

Leya nyeusi iwe juu na hali yake iwe Multiply (weupe wake hauonekani, nyeusi inabaki), rangi zipakwe kwenye leya za chini. Kuna wanaomwaga rangi kwa ndoo ndani ya leya nyeusi yenyewe; wanabaki na uzi mweupe kuzunguka kila umbo na wanashinda siku nzima wakiufukuza. Ukipaka chini, hata ukivuka mstari kidogo, nyeusi inaficha.

Rangi chache zinatosha. Wachora kanga wanalijua hili siku nyingi: rangi mbili tatu bapa na kitambaa kinaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Edward Saidi Tingatinga naye, alipoanza mwaka 1968 Dar es Salaam, alipaka rangi za enameli kwenye mbao za hardibodi bila kuhangaika na vivuli. Nimejiwekea nne kwa kila chumba, nyeusi ikiwa ndani ya hesabu.

Vyumba vinne vya mama nilivitengeneza kwa nyuso za manjano, za waridi, za kijani na za chungwa. Nikampelekea kwenye simu. Akaangalia, akakuza, akasema: "Mwanangu, huyu wa kijani amekufa lini?" Kinyozi aliposikia akacheka, lakini akakiri kwamba na yeye hataki uso wa kijani ukutani, wateja wataona mgonjwa. Basi kijani na bluu ya majivu vimetolewa kwenye nyuso zote na kupelekwa kwenye mandhari na nguo. Nafasi ya kijani mama ameichagulia mwenyewe: rangi ya mawese. Nimeweka kichupa cha mawese kando ya skrini nikaifuata kwa macho, ikaishia kwenye namba ya rangi #E8590C. Sioni chungwa jingine linalomfaa zaidi mtu wa Kigoma.

Ijumaa, 26 Septemba: chapa ya majaribio imeharibika

A3 moja ya karatasi ya kung'aa, 6,000. Hawa wachapaji wamezidiwa na mabango ya kampeni, nimesubiri kutwa.

Waridi limefifia, bluu ya anga ya #00FFFF imekuwa kama sare ya shule iliyofuliwa sana, na kijani cha kuwaka cha #39FF14 kimekuwa jani la mgomba. Si kosa la mchapaji. Skrini inatengeneza rangi kwa nuru, printa kwa wino, na kuna rangi za nuru ambazo wino hauzifikii. GIMP 2.10 inafanya kazi kwa RGB, yaani nyekundu, kijani na bluu za nuru, kwa hiyo haikuonyi yenyewe mpaka ushike karatasi.

Dawa niliyotumia ni ya bei ndogo. Nimetengeneza A4 moja yenye miraba ya rangi, kila mraba umeandikwa namba yake, nikaichapa kwenye printa ileile na karatasi ileile, 2,000. Sasa nachagua kutoka kwenye karatasi, si kwenye skrini. Zilizoshinda ni zile zilizo karibu na wino mtupu: #00AEEF kwa bluu, #EC008C kwa waridi, #FFF200 kwa manjano. Printa inazitoa kwa kumwaga wino mmoja bila kuchanganya sana, ndiyo maana zinabaki safi. Mawese nayo imepita vizuri, kwa kuwa ni manjano na waridi tu. Karatasi hiyo ya miraba nimeibandika ukutani. Mwenye printa nyingine atengeneze yake, yangu haitamfaa.

Jumatano, 1 Oktoba: nukta, na mpaka mweupe

Kinyozi alitaka zile nukta za katuni. Zinaitwa nukta za Ben Day, kwa jina la mchapaji wa Marekani Benjamin Henry Day mdogo, aliyeanzisha mbinu hiyo mwaka 1879 ili wachapaji wapate vivuli kwa wino kidogo. Roy Lichtenstein, msanii mwingine wa pop, akaja kuzikuza kwenye turubai. Kwenye GIMP: leya ya kijivu kimoja, kisha Filters, Distorts, Newsprint, umbo la mduara, pembe ya nyuzi 45, kisha Multiply. Nimeziweka kwenye mandhari ya chumba kimoja kati ya vinne. Zikiwa kila mahali uso unazama.

Ukubwa: kwa nukta 300 kwa inchi, milimita 1 ni karibu pikseli 12. Nilianza na umbali wa 12 na kwenye karatasi ya majaribio ya A4, shilingi 2,000, ukisimama kwenye kiti cha kunyolewa unaona kijivu tu. Nimepandisha hadi 36, milimita 3, na sasa zinaonekana.

Majaribio hayohayo yalionyesha jambo jingine: mawimbi ya ajabu yamepita juu ya nukta. Printa haichapi hadi ukingoni, kwa hiyo ilikuwa imepunguza picha kidogo ili ienee, na nukta zikipunguzwa baada ya kutengenezwa zinagongana na kuzaa mawimbi. Suluhisho ni kuacha mpaka mweupe wa pikseli 150 kila upande, vyumba viwe 1604 kwa 2330, nukta zitengenezwe kwa ukubwa huohuo wa mwisho, na mchapaji aambiwe achape asilimia 100 bila kulinganisha na ukurasa. Mwambie kwa mdomo, usiishie kumwandikia. Mpaka huo pia unaliwa na fremu bila kugusa picha. Faili nimempelekea kwa flashi, TIFF na si JPEG.

Jambo la mwisho la mtindo. Skrini za hariri mara nyingi hazikukaa sawasawa, rangi ikateleza nje ya mstari. Nimeiga kwa kusogeza leya za rangi pikseli 12 kulia na 8 chini. Kinyozi akaniita pembeni kwa upole: "Kaka, rangi imemtoka mzee mdomoni." Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema haya, lakini mzee ataona ametiwa mate. Kwa mzee nimeirudisha mahali pake. Kwa mama na kijana imebaki, na kwao inapendeza.

Jumatatu, 6 Oktoba: chapa na fremu

A3 nne 24,000, nakala nne za A4 10,000. Fremu za mbao zenye kioo kwa fundi seremala, 18,000 moja, jumla 72,000. Fundi aliacha kioo kigusane na karatasi. Karatasi ya kung'aa ikipata joto inashikana na kioo na haibanduki. Amerudishia kwa vipande vyembamba vya kadibodi ndani ya ukingo.

Hesabu nzima: chapa za mwisho na nakala 34,000, majaribio 10,000, fremu 72,000, nauli 8,000, dagaa 5,000. Jumla 129,000, ukiacha ufundi. Fremu peke yake ni zaidi ya nusu. Anayebana matumizi achape kwenye stika na kuibandika juu ya hardibodi. Nadhani itashuka sana, ingawa sijajua itastahimili mvuke wa maji ya moto ya saluni.

Jumamosi, 11 Oktoba: ukutani

Zimepanda. Ukuta unaotazamana na mlango tuliuacha, jua la jioni linaupiga moja kwa moja na wino wa printa hizi haupendi jua. Ziko ukuta wa kushoto, juu ya vioo.

Mama alikuja na wenzake wawili wa Kibirizi. Hao wawili sasa wanataka zao, na mmoja amesisitiza apigwe akiwa na ndoo ya dagaa kichwani. Mkono ulioinuliwa utatupa kivuli usoni, kwa hiyo itabidi nijaribu ubao mweupe chini badala ya pembeni. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 7. Nitashuka mwaloni wiki ijayo giza likiingia.